Kioo cha kompyuta nacho ni mizani, kikaguliwe

MFANYABIASHARA wa maharage anayevuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu hanunui kwa mizani asiyoijua. Anaitazama kwanza. Anatafuta stika ya ukaguzi, anaweka juu yake kitu ambacho uzito wake anaujua, anaangalia mshale umesimama wapi. Akiridhika ndipo gunia linapandishwa. Hakuna anayemwona mkorofi kwa kufanya hivyo, wala mwenye mizani haoni kuwa ametukanwa, kwa sababu kila mtu sokoni anajua kuwa mizani ya mtu mwaminifu nayo huweza kulegea.

Lakini mtu huyo huyo, akishauza maharage yake, anaingia katika duka la kompyuta, anafunguliwa picha za vitenge zilizotumwa kutoka Kariakoo au Guangzhou, ananyoosha kidole kwenye kioo na kusema, "Nataka hii." Kisha analipa. Hapo haulizi kama kioo kile kinasema kweli. Fedha iliyolindwa kwa makini asubuhi inakabidhiwa jioni kwa mizani ambayo haijakaguliwa tangu itoke kiwandani.

Ndugu msomaji, hoja yangu leo ni kwamba kioo cha kompyuta kinachotumika kununulia, kuuzia au kuchapia kitu chenye rangi ni kipimo kama vipimo vingine, na kipimo chochote lazima kilinganishwe na kitu kinachojulikana. Wataalamu wanajua namna ya kufanya hivyo kwa miaka mingi. Sisi wa mpakani tunaendelea kulipa hasara, na kibaya zaidi, tunaendelea kuitana matapeli.

Nitoe mfano. Mama mmoja wa sokoni Nyanza-Lac, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, alipata kazi ya kuleta sweta za wanafunzi. Shule ilitaka rangi ya damu ya mzee. Mama alitumiwa picha kutoka Dar es Salaam, akaziangalia kwenye kompyuta ya duka la jirani, akachagua. Mzigo ulipofika, sweta zilikuwa zinaelekea zambarau. Shule ikazikataa. Mama akaziuza mojamoja kwa hasara, na deni la mtaji likabaki shingoni mwake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mama alisema mwenzake wa Dar es Salaam ni mwizi. Mwenzake naye akasema Warundi wakishaona mzigo haununuliki hutafuta kisingizio. Watu walioaminiana, wakikopeshana kwa simu tu bila karatasi, waliachana siku ile. Mama alinijia akaniuliza, "Mwalimu, hivi kompyuta nayo inaweza kusema uongo?"

Nilimwambia, "Dada yangu, haisemi uongo. Inasema lugha yake, na hakuna aliyeitafutia mkalimani."

Tulichukua sweta moja, tukaifungua picha ile ile kwenye vioo vitatu: cha duka alilochagulia, cha darasani kwangu na cha simu. Tukaiweka sweta karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana. Kwenye kioo cha darasani picha ilifanana sana na sweta: ilikuwa zambarau. Kwenye kioo cha dukani ilikuwa damu ya mzee safi kabisa. Kompyuta ile ilikuwa imewashwa ule mwanga wa usiku, mpangilio unaopunguza buluu ili macho yasichoke. Buluu ilipopunguzwa, zambarau ikaonekana nyekundu. Muuzaji alituma picha ya mali yake halisi. Mnunuzi alichagua alichokiona. Hakuna aliyeiba. Kilichopotoka ni kipimo kilichokuwa katikati yao.

Nieleze kwa nini jambo hili linatokea, maana wengi hudhani rangi husafiri ndani ya picha kama kitambaa kinavyosafiri ndani ya gunia. Sivyo. Kinachosafiri ni namba. Kila nukta ya picha hubeba namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kwa picha za kawaida kila namba huanzia 0 hadi 255. Ukizizidisha unapata rangi 16,777,216. Moja ya rangi za damu ya mzee, kwa mfano, huandikwa nyekundu 128, kijani 0, buluu 0. Namba hizo zikifika, kila kioo huzigeuza kuwa mwanga kwa namna yake.

Hata namba 128 peke yake haina maana moja. Iko katikati ya 0 na 255, lakini kioo hakitoi nusu ya mwanga wake. Kiasi cha mwanga hutegemea kitu kinachoitwa gama. Kioo chenye gama ya 2.2, ambayo ndiyo inayotumika sana, kwa namba hiyo hutoa karibu asilimia 22 tu ya mwanga wake mwekundu. Chenye gama ya 1.8 hutoa karibu asilimia 29. Basi namba moja, vioo viwili, rangi mbili. Ongeza hapo kwamba nyeupe ya kioo kimoja inaelekea buluu na ya kingine inaelekea manjano, na kwamba taa ya ndani ya kioo huchakaa kadiri miaka inavyokwenda. Utaona kuwa ajabu si vioo kutofautiana. Ajabu ingekuwa vifanane bila mtu kuvilinganisha.

Kwa sababu hiyo wenye viwanda walikubaliana juu ya kipimo cha pamoja. Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa sRGB. Kilipendekezwa mwaka 1996 na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft, na mwaka 1999 kikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Kinasema nyeupe iwe ya namna gani, yaani karibu kelvini 6,500, ambayo ni sawa na mwanga wa mchana, na gama iwe karibu 2.2. Kabla ya hapo, mwaka 1993, kampuni nane zikiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zilianzisha chombo cha pamoja kinachoitwa ICC ili kila kifaa kiweze kuandikiwa faili linaloeleza tabia yake ya rangi. Faili hilo huitwa profaili.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kulinganisha: kukishika kioo na kukiweka katika hali inayojulikana, mwanga kiasi fulani, nyeupe fulani, gama fulani. La pili ni kutengeneza profaili: kupima upotofu uliobaki baada ya kulinganisha, na kuuandika ili programu iufidie.

Sisi tuliosoma ukimbizini tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, nikafanya mitihani ya Tanzania. Nilipoingia Burundi mwaka 2009 nikiwa na cheti changu, hesabu nilizijua, lakini cheti kilisema "daraja" na "alama C", wakati hapa watu wanazungumza asilimia, tena kwa Kifaransa. Sikuwa mjinga, na aliyenihoji hakuwa na nia mbaya. Palihitajika karatasi moja tu, ya usawazishaji, inayosema kwamba alama hii ya kule ni sawa na hii ya hapa. Karatasi ile haikuniongezea akili hata chembe. Iliwawezesha wengine kusoma kilichokuwamo.

Profaili ya kioo ni cheti cha usawazishaji. Haikifanyi kioo duni kuwa bora. Inaiambia kompyuta kwamba kioo hiki kikiambiwa 128 huonyesha kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kwa hiyo kipelekee pungufu. Kila aliyewahi kuonekana mbumbumbu kwa sababu karatasi zake hazikusomeka anajua thamani ya kitu kama hicho.

Sasa nije kwenye utendaji, maana mwalimu asiyetoa zoezi hajafundisha. Yapo mambo ambayo mwenye duka la kompyuta anaweza kuyafanya leo bila kutoa faranga hata moja. Afute vumbi kwenye kioo. Akiwashe na kukiacha kipate joto kwa nusu saa, kwa kuwa kioo baridi hakijatulia. Azime mwanga wa usiku, azime kule kujipunguza mwanga kwenyewe, na aondoe mipangilio ya sinema na michezo ambayo hutia rangi chumvi. Kama kioo kina chaguo lililoandikwa sRGB au 6500, alichague. Kioo kisielekee dirisha, na taa ya rangi rangi iliyowekwa kwa ajili ya kuvutia wateja isiwake wakati mteja anachagua kitambaa.

Halafu mwanga. Vioo vingi hutoka kiwandani vikiwa vikali mno, ili ving'ae dukani. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, ishike kando ya kioo kinachoonyesha ukurasa mweupe. Kioo kikionekana kama taa na karatasi kama kitambaa chafu, punguza mpaka vilingane. Wenye vipimo huweka mwanga kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, lakini karatasi itakufikisha karibu na hapo. Baada ya hayo, kompyuta zenye Windows, kuanzia toleo la 7 lililotoka mwaka 2009, zina programu yake ya kulinganisha rangi kwa macho. Itakuonyesha vidoto na picha, ukisogeza kidude mpaka vidoto vipotee. Haichukui muda mrefu.

Hiyo ni njia ya macho, na macho huzoea. Ukikaa saa nzima mbele ya kioo cha manjano, ubongo wako utakuapia kuwa ni cheupe. Njia ya uhakika ni kifaa kidogo kinachoitwa kolorimita. Kinatosha kwenye kiganja. Unakilaza juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinasoma mwanga uliotoka, programu inalinganisha na mwanga uliotakiwa kutoka, mwishoni inaandika profaili. Vifaa hivyo huuzwa nje kwa dola kati ya 100 na 300 hivi, na ipo programu ya bure, ArgyllCMS, inayofanya kazi na vingi kati yake. Zoezi hurudiwa kila mwezi au miwili, kwa sababu kioo huchakaa.

Nisiwadanganye, ndugu zangu, kwamba hayo yanamaliza kila kitu. Laptop nyingi za bei nafuu haziwezi kuonyesha rangi zote za sRGB, na kuzilinganisha hakutazipa taa zisizokuwa nazo. Ukiinamisha kioo kidogo tu, baadhi ya laptop hubadili rangi. Zipo pia buluu na kijani za vitenge ambazo kioo cha kawaida hakizifikii kabisa. Kamera nayo ina maoni yake, hasa picha ikipigwa usiku chini ya taa za dukani. Na vitambaa viwili vinaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana juani, kwa hiyo mwenye busara hutazama mara mbili, ndani na nje.

Kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa, sare ya shule, ya kwaya au ya harusi, dai kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kiganja kije na basi kabla hujalipa. Hakuna kioo kitakachokishinda kipande hicho. Kioo kilicholinganishwa kinakusaidia kabla ya hapo: kuchuja picha mia moja zibaki tano, ili usiagize vipande mia moja. Na mzozo ukitokea, kinakuwezesha kujua kama tatizo ni mali, picha au macho yenu.

Kwenye simu, ambako ndiko biashara nyingi ziliko, nenda kwenye mipangilio ya kioo. Simu nyingi zina uchaguzi wa rangi kali na rangi za asili. Rangi kali hupendeza, na ndizo zinazowaponza wengi. Chagua rangi za asili, na umwombe mwenzako wa upande wa pili afanye hivyo hivyo.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye studio zenye viyoyozi, sisi tuna shida kubwa zaidi. Nawaheshimu, lakini nawajibu hivi. Tajiri akikosea rangi ya mzigo mmoja anatabasamu na kuagiza mwingine. Aliyerudi juzi, ambaye shamba la baba yake bado lina mgogoro na benki haimpi mkopo kwa kukosa dhamana, mtaji wake ni neno lake. Anakopeshwa mali kwa sababu watu wa Kigoma wanasema huyu tunamjua, tulikua naye. Siku neno hilo likivunjika kwa ajili ya sweta, hana benki ya kukimbilia. Kwa mtu kama huyo kipimo sahihi si anasa.

Wengine watasema rangi ni rangi, tofauti ndogo haina neno. Waulizwe wenye studio za picha. Kioo kikiwa kikali mno, mpiga picha anaona uso umeng'aa kupita kiasi, anaupunguza, halafu picha inatoka kwenye printa ikiwa nyeusi kama usiku. Nimeona watu wakirudishwa na picha zao za kitambulisho kwa sababu macho na pua havionekani, wakalipa mara ya pili, na safari ya mpakani ikaahirishwa. Kwa ngozi zetu kosa hilo ni kubwa zaidi, maana uso mweusi ukipunguzwa kidogo tu unapoteza umbo.

Tena historia inatufundisha kuwa swali la nani anashika kipimo si dogo. Katika maabara za picha za rangi, Kodak iligawa kadi za kulinganishia mashine zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miongo mingi sura iliyokuwa kwenye kadi hizo ilikuwa ya mwanamke mweupe. Fundi alirekebisha mashine mpaka mwanamke yule atoke vizuri, na hapo kazi ikahesabiwa imekamilika. Watu weusi waliopigwa picha kwa filamu hizo walitoka vivuli vyenye meno. Ilifika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mashine zilikuwa zikifanya kazi sawasawa muda wote. Zililinganishwa na sura nyingine. Nasi tusipojifunza kulinganisha wenyewe, tutaendelea kutazama nyuso zetu na bidhaa zetu kwa kipimo kilichowekwa na mtu asiyetujua.

Nipendekeze nini basi? Siombi serikali za pande mbili zilete wakaguzi wa vioo mpakani. Vizuizi tulivyonavyo vinatosha, na kila mkaguzi mpya ana mfuko wake. Naomba mambo matatu.

Mosi, vyama vya wafanyabiashara na vikundi vya kukopeshana vya kina mama vinunue kolorimita moja kwa soko moja. Kifaa hicho hakikai kwenye kompyuta moja. Kikishalinganisha ya leo, kesho kinaenda kwa jirani. Wakichanga watu thelathini, hata kile cha dola 300 kinamgusa kila mmoja kwa dola kumi, tena mara moja. Duka lililolinganishwa libandike tarehe ukutani, na mteja ajifunze kuiuliza tarehe hiyo.

Pili, shule na vituo vinavyofundisha kompyuta viweke somo hili katika mafunzo. Tunawafundisha vijana kuchapa barua na kuchora majedwali, tunawaachia kioo kama kilivyo. Vipindi viwili vinatosha. Mimi nimeyafanya darasani kwa kioo, karatasi nyeupe na kipande cha kitenge, na wanafunzi wangu wakaenda kurekebisha kompyuta za wajomba zao bila kutumwa.

Tatu, wanunuzi na wauzaji wa pande zote mbili wakubaliane kabla ya fedha kutumwa: picha ipigwe mchana, nje, kivulini, karatasi nyeupe ikiwa kando ya kitambaa. Karatasi hiyo ni shahidi. Ikionekana ya manjano au ya buluu kwenye picha, wote wawili watajua kuwa kitambaa nacho kimepotoshwa kwa kiasi hicho hicho.

Yule mama wa sweta bado ana deni. Lakini alimtumia mwenzake picha tatu tulizopiga za vioo vitatu na sweta moja, na mwenzake akapiga simu. Wanaongea tena, na mzigo wao wa karibuni ulianza kwa kipande cha kitambaa. Deni litalipwa kwa biashara hiyo, si kwa matusi.

Tumepoteza mengi katika kwenda na kurudi kwetu. Imani kati ya mtu wa Kigoma na mtu wa Nyanza-Lac ni katika machache tuliyorudi nayo. Haifai tuipoteze kwa kitu kinachorekebishwa kwa nusu saa. Naomba kutoa hoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari kusini mwa Burundi. Alisoma Tanzania.